Neno la Mwisho Ni la Mtoto

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu na miezi kadhaa siku aliyoteremka mapajani mwangu nikiwa bado namsomea. Hakulia wala hakununa. Aliteremka taratibu, akaenda zake kumwokota mwanasesere aliyekuwa sakafuni. Nami nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho wa kitabu nilichokitunga mwenyewe, ukurasa niliouonea fahari kuliko yote:

Enyi watoto jueni,
utundu si wa thamani.

Mizani, yaani silabi, nane juu, nane chini, kina kimetulia mahali pake. Nikamwuliza mbona anaondoka. Akanijibu bila kugeuka, "Imeisha."

Nilikaa na karatasi zangu mkononi, nimeumia. Baada ya muda nikarudi kurasa mbili nyuma, nikaona kwamba alikuwa amesema kweli. Hadithi ilikuwa imeisha pale kiatu kiliporudi kwa mwenyewe. Yaliyobaki yalikuwa mahubiri yangu.

Wengi wanaojua kwamba nimetunga kitabu cha picha chenye vina kwa watoto wa chekechea huniambia kuwa nao wana kimoja kichwani. Kina wanyama marafiki, kina vituko, na kinangoja wikendi moja tu ya kukiandika, kwa kuwa maneno yenyewe ni machache. Mimi pia nilidhani ni kazi ya wikendi. Maneno yangu hayakufika mia tatu, na yalinichukua karibu miaka miwili. Ningependa wenzangu waliokitamani kibarua hiki wajue ile miaka miwili ilikwenda wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Panya anakiona kiatu kimeachwa mlangoni, anawaita rafiki zake Bata na Mbuzi. Mmoja anakifanya kitanda, mwingine anakifanya mtumbwi, wa tatu anatafuna kamba zake. Mwenye kiatu anazunguka nyumba nzima akitafuta, na kila akiuliza, watatu hao wanasontana. Basi, hakuna zaidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye vina, na lilitokana na kwamba Kiswahili hakina uchoyo wa vina hata kidogo. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu ni tano. Ukiamua kumaliza kila mshororo kwa kitenzi, zile a zinakuja zenyewe bila kuitwa: Panya akaruka, Bata akainuka, Mbuzi akashituka. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa vina vya namna hiyo, kurasa kwa kurasa, na nikavihesabu kuwa ushahidi wa kipaji. Lakini nilipomsomea mwanangu, macho yake yalikuwa yanapita kwenye karatasi tu. Hakuna neno hata moja lililomgusa sikio, kwa sababu hakuna hata moja lililokuja kwa kushtukiza. Kina kilichotokana na sarufi peke yake hakimpi mtoto zawadi yoyote.

Nikafungua upya daftari na kuanza kumalizia mishororo kwa majina ya vitu. Hapo nikakutana na jambo ambalo sikulisoma popote, nililisikia kwa masikio yangu. Katika ushairi wetu, kina ni silabi ya mwisho. Kwa kanuni hiyo, kiatu na chetu vinakwenda pamoja, na hakuna mhakiki atakayekukamata. Niliandika hivi:

Panya kaona kiatu,
akasema, "Sasa chetu!"

Nilikuwa na mazoea ya kukata sauti kabla ya neno la mwisho ili nione kama mwanangu atalijaza. Nilisoma ubeti huo usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikifika "akasema, sasa…", ananitazama. Kimya. Usiku wa nne nikaubadilisha:

Panya kaona kiatu,
akaruka mara tatu.

Kesho yake, kabla sijafungua mdomo kumalizia, akapiga kelele, "Tatu!" Akarudia mwenyewe, "Kiatu, tatu. Kiatu, tatu," akinionyesha vidole.

Tofauti ni silabi moja. Mkazo wa Kiswahili karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la mtoto huenda na mkazo. Kiatu na tatu vinafanana kuanzia pale sauti inapobonyea. Kiatu na chetu vinafanana mkiani tu, mahali sauti inapofifia. Mtu mzima aliyezoea mashairi atavisikia vyote viwili. Mtoto wa miaka mitatu anakisikia kimoja. Tangu usiku ule sikukubali tena kina cha silabi moja katika kitabu kile, isipokuwa mahali pawili nilipokwama kabisa, na mahali hapo pawili hadi leo watoto hawapajazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kina kinafanya kazi gani kwa mtoto asiyejua kusoma. Kwetu sisi ni pambo, ni utamu wa mdomoni. Kwake ni mpini. Herufi zile kwake ni michirizi tu. Hana pa kukishika kitabu ila kwa sikio. Ukisema kiatu, ukanyamaza, kina kinampokeza neno lijalo kabla hujalitaja. Analisema yeye. Kwa nukta hiyo moja yeye ndiye msomaji, wewe ni msaidizi. Walimu wa chekechea wanalijua hili vizuri: mtoto anayesikia kwamba mwisho wa tatu umo ndani ya kiatu ameshaanza kulikata neno vipande kwa sikio, na ndicho atakachotakiwa kukifanya kwa macho akifundishwa silabi.

Lakini mpini ukiwa na mwiba, mtoto hauugusi tena. Mahali pamoja nilihitaji neno la kwenda na ndani, nikaweka mwandani. Neno zuri, la kishairi, linamaanisha rafiki wa karibu. Mwanangu akasimamisha kila kitu. "Mwandani ni mtu gani?" Nikamweleza. Akakubali. Usiku uliofuata akauliza tena, na uliofuata tena, mpaka nikaona kwamba kila tukifika pale, hadithi inavunjika vipande viwili. Sikatai kabisa kumwekea mtoto neno jipya; maneno mapya ndiyo chakula chake. Ila lisiwe ndilo neno la kina. Liweke katikati ya mshororo, ambako picha na maneno ya jirani yatamweleza. Neno la mwisho liwe ambalo tayari analo mdomoni, maana ndilo unalomwomba akupe.

Nikauandika ubeti upya:

Bata akaingia ndani,
akaelea bwawani.

Huo ulikaa. Nao ulinipa somo la mizani, tena kutoka kwa mwanangu mwenyewe. Hesabu mshororo wa kwanza: Ba-ta-a-ka-i-ngi-a-nda-ni. Ni tisa, na mishororo mingine yote ina nane. Nilijua, nikasema haidhuru, mtoto hahesabu. Baada ya siku chache nikamsikia akiutamka ubeti ule peke yake, anaogeshwa, anapiga maji kwa viganja. Alisema, "Bata kaingia ndani." Alikuwa ameidondosha ile a. Washairi huita inkisari, kufupisha neno ili mizani itimie, na sisi watu wazima tunafundishwa jina hilo darasani. Mtoto ambaye hajui hata kuandika jina lake aliifanya kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimeshapiga na neno halijaisha. Nilirekebisha mswada usiku uleule, nikaipitia mishororo yote kwa kupiga makofi. Tangu hapo ushauri wangu kwa anayetunga ni kuiacha karatasi mezani, asimame, apige makofi. Pale makofi yanapogongana na ulimi, pana kosa.

Ajabu nyingine ya sikio lile ni tanakali za sauti. Niliweka chache, kwa woga, nikidhani zinashusha hadhi ya shairi. Bata alipodumbukia, alidumbukia chubwi. Mwenye kiatu alipoteleza, alianguka pu. Nyumba iliponyamaza, ilinyamaza ji. Basi watoto wanaishi kwa ajili ya kurasa hizo. Huanza kujiandaa ukurasa mmoja kabla; utawaona wanavuta pumzi. Kiswahili kina hazina kubwa ya sauti za aina hiyo, kila moja na kitenzi chake, na nasikitika tunaziacha zififie katika vitabu vya watoto kana kwamba ni utani usiofaa kuandikwa.

Sasa nirudi kwenye utundu, kwa kuwa ndio uliomteremsha mwanangu mapajani.

Nilianza kazi hii nikiwa na hofu ambayo wazazi wengi wanayo: nikiwaandikia wanyama wanaochukua kiatu cha watu kisha wanakana, si nitakuwa nafundisha wizi na uongo? Kwa hofu hiyo nikawaadhibu. Katika rasimu moja Panya alifungiwa kwenye sanduku, gizani, ili atubu. Nakumbuka ilivyokuwa nilipousoma ukurasa ule. Sikuwa na picha bado, nilikuwa na maneno tu. Mwanangu aliuweka mkono wake juu ya karatasi, akaufunika mstari kana kwamba unaweza kutoka. Hakusema kitu. Nikaisoma iliyofuata haraka, lakini kicheko hakikurudi tena hadi mwisho.

Niliutupa ukurasa huo. Ulinifundisha kutofautisha utundu na ukatili, tofauti ambayo watoto wanaijua kuliko sisi. Utundu ni pale ambapo hakuna anayeumia, kitu kinarudi, na mkubwa ndiye aliyeduwaa. Mtoto mdogo siku nzima anaambiwa acha, shuka, usiguse, rudisha. Wakubwa wanajua kila kitu, yeye hajui. Kwenye kitabu chenye wanyama watundu mambo yanageuka: yeye anamwona Panya nyuma ya pazia, na yule mkubwa kwenye picha hamwoni. Kwa kurasa chache, yeye ndiye mwenye habari. Furaha ile haina uhusiano na wizi. Na suala la haki wanalo tayari. Sikuwahi kuona mtoto aliyetaka kiatu kisirudi. Wote wanataka kirudi. Wanataka tu kichelewe.

Kwa hiyo mahubiri niliyafuta, nikaweka kibwagizo badala yake:

Nani huyo? Nani yule?
Si mimi, ni yule kule!

Kinajirudia mara nne. Mara ya nne, watoto wenyewe humsonta mwenye hatia kwenye picha, kwa sauti ya hakimu. Hayo ndiyo mafunzo yaliyobaki kitabuni.

Kuhusu picha nilikuwa mbumbumbu, na mchoraji wangu alinivumilia sana. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Dada, kiatu hiki ni namba ngapi?" Sikumwelewa. Akakata karatasi vipande vitatu, panya, bata na mbuzi, akavipanga mezani kando ya kiatu chake mwenyewe. Panya alienea vizuri. Bata alikaa juu ya kiatu kama kuku juu ya yai. Mbuzi alikificha chote. "Bata wako ataeleaje humo?" Mwaka mzima nilikuwa nimeandika bata akielea kiatuni, na sikuwahi kuliona swali hilo. Yeye ndiye aliyependekeza Bata awe kifaranga, na kiatu kiwe buti refu la mtu mzima, lakini neno kiatu libaki ili tatu isipotee.

Alinifundisha pia kufuta. Nilikuwa na mishororo miwili inayoeleza kwamba mkia wa Panya umetokeza nyuma ya buti. Akaniambia, "Mkia nitauchora. Ukiusema, utakuwa umemnyang'anya mtoto kazi ya kuuona." Kufuta kwenye nathari ni rahisi, unatoa sentensi, unaunga. Kwenye vina, ukitoa mshororo mmoja, mwenzake anabaki mjane. Tulifuta viwili viwili. Kutoka karibu maneno mia tisa tukashuka hadi yale yasiyofika mia tatu, na kila tulipofuta, picha ilipata pumzi.

Na kuna hesabu ya kurasa, ambayo haina huruma. Vitabu vya picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya 8 au 16. Ukitoa ukurasa wa jina na wa taarifa za uchapaji, unabakiwa na nafasi kama kumi na nne za kurasa mbili zinazotazamana. Kisa chako kiingie humo. Mwanzoni niliona ni jela. Baadaye nikaona kwamba kule kufunua ukurasa ni sehemu ya shairi. Mshororo wa kwanza niliuweka chini kulia, kwenye kona anayoishika mtoto, na wa pili ukurasa unaofuata. "Mara kaja naye Mbuzi…" Kisha karatasi inageuka, na hapo katikati, ndani ya ule mlio mdogo wa karatasi, ndipo mtoto anapopata nafasi ya kukisia.

Mara kaja naye Mbuzi,
kala kamba, kala uzi.

Nakala ya majaribio ilipokuja, neno tatu lilikuwa limezama kwenye mkunjo wa katikati, unaona "ta" tu. Mchapishaji alisema ni jambo dogo, msomaji ataelewa. Nilisimama imara. Neno lile ndilo mtoto analingoja. Asipoliona mkubwa anayesoma, anajikwaa, na akijikwaa yeye, mtoto naye anapoteza zamu. Likasogezwa. Ni miongoni mwa mambo machache niliyoyapigania, na sijutii.

Nitaje pia jambo ambalo lugha yenyewe ilinitunzia bila jasho. Katika Kiswahili yeye ni yeye. Panya kaona, Bata kaingia, Mbuzi kala: hakuna silabi inayosema kama ni wa kike au wa kiume. Mchoraji alikuwa amemfunga Bata utepe kichwani, tukauondoa. Mwanangu anasema Panya ni msichana. Binamu yake, mvulana, anasema Panya ni yeye mwenyewe. Wote wawili wana hakika, na kitabu hakimkatalii yeyote.

Mwisho wa kitabu ulichelewa kuliko vyote. Baada ya kuyatupa mahubiri nilikuwa na kiatu kilichorudi, na ukimya. Nilijaribu kuwalaza, nikajaribu kuwaombesha msamaha, nikajaribu kuwapa karamu. Kila mara nilimtazama mwanangu, na kila mara alikuwa ameshaondoka kwa mawazo. Kisha siku moja, mwenyewe, alipoona kiatu kimerudi, akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Sasa watachukua nini?" Nikaandika:

Kiatu kimetulia.
Je, wapi ile kofia?

Ukurasa wa mwisho hauna neno. Ni picha ya kofia inayotembea sakafuni, na chini yake miguu miwili ya bata.

Niliposoma kwa mara ya kwanza mbele ya darasa la chekechea, watoto ishirini na kitu wamekaa kwenye mkeka, nilifika hapo nikanyamaza. Wakanyamaza nao kidogo. Kisha mmoja akaiona miguu, akasimama, na baada ya hapo sikuweza kusikia chochote kwa dakika nzima. Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. Wakaomba isomwe tena, na safari hii sikuhitajika sana. Nilitoa nusu ya kila mshororo, wao wakatoa nusu iliyobaki.

Mwanangu sasa ana miaka mitano kasoro. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa na mdogo wa jirani yetu, ambaye hajafika hata miaka miwili. Alikuwa "anamsomea". Kitabu kilikuwa kimeshikwa juu chini, Mbuzi miguu hewani, lakini kurasa zilikuwa zinageuka mahali panapostahili, na kabla ya kila neno la mwisho alikuwa ananyamaza na kumtazama yule mdogo usoni, akingoja. Mdogo hakujua la kusema. Akamsaidia. Halafu, alipofika kwa Mbuzi, akaamua kumleta mgeni:

"Mara kaja naye Kuku,
kachukua bukuku!"

Nikauliza kutoka mlangoni, bukuku ni nini. Akanitazama kama mtu aliyekatizwa kazini.

"Ni ya kuku, mama," akasema, akafunua ukurasa.